Uta Una Mwalimu, Waya Hauna

Jambo nililokusudia kulieleza usiku huu ni la kale kuliko miji yetu na kuliko mashamba yetu, nalo ni jinsi wazee wanavyowalea vijana wao katika ilimu ya usasi: kushika uta, kulenga shabaha, kusoma nyayo, na zaidi ya hayo yote kujua ni wakati gani mkono wapaswa kuzuiwa. Najua ya kwamba katika zama zetu uwindaji ukitajwa, watu wengi huwajia fikirani mmoja wa watu wawili, ama mgeni tajiri aliyekuja na bunduki yenye darubini akalipia kichwa cha simba, ama jangili anayesakwa usiku na askari wa wanyamapori. Baina ya hao wawili yuko mtu wa tatu ambaye aghalabu hatajwi, naye ni mzee anayenyoosha mti wa mshale juu ya moto ilhali mjukuu wake anamtazama. Na imani yangu, ambayo nitajaribu kuitolea hoja, ni kwamba nchi inayomsahau mtu huyu wa tatu hujiletea hasara ambayo askari wake wote hawataweza kuifidia.

Sisi watu wa pwani hatuna haki ya kuliona jambo hili kuwa ni la watu wa bara peke yao. Shujaa wetu mkuu, Fumo Liyongo, ambaye habari zake Muhammad Kijumwa wa Lamu alizitungia utenzi mwaka 1913, hakusifiwa kwa upanga tu bali kwa uta. Na wale waliopewa ahadi ya mali ili wamuue, miongoni mwao wakiwa Wasanye, watu wa msituni, walipofanya hila ya kumpandisha juu ya mkoma wapate kumpiga mishale akiwa huko juu, yeye hakupanda, bali aliyaangusha makoma kwa mishale yake mwenyewe akiwa amesimama chini. Na katika dini, Sayyidna Umar bin Khattab ananasibishwa na agizo la kuwafundisha watoto kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi. Na Sura ya Maida inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa, kwa sharti jina la Mwenyezi Mungu litajwe juu yake, na sura hiyo hiyo inamharimishia mtu kuua windo la nchi kavu maadamu yumo katika ihramu. Uzingatieni mpango huo, wasikilizaji wangu: ruhusa na katazo vimewekwa mahali pamoja, wala haikukusudiwa mtu ajifunze la kwanza akaliacha la pili. Huo ndio msingi wa maneno yangu yote ya usiku huu.

Sasa tuondoke pwani twende bara, mpaka Ziwa Eyasi, kaskazini ya Tanzania, baina ya nyanda za Serengeti na milima ya Mbulu, nchi ya mawe, mibuyu na miiba, ambamo wanakaa Wahadzabe, watu wasiozidi sana 1,300, wenye lugha yao ya midoo ambayo wataalamu wa lugha hawajaweza kuithibitishia udugu na lugha nyingine yoyote duniani. Si wote miongoni mwao wanaoishi leo kwa kuwinda na kuokota, bali mia kadhaa bado wanaishi hivyo, wanaume wakileta nyama na asali, wanawake wakichimba mizizi na kuchuma matunda ya porini, na wote pamoja wakila ubuyu. Wataalamu waliokaa nao, kuanzia James Woodburn aliyefika kwao mwaka 1958 mpaka Frank Marlowe aliyewaandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 2010, wametuachia habari nyingi za namna mtoto wa kiume anavyolelewa, na habari hizo zafaa kusikilizwa kwa makini na kila mzazi, hata asiyewahi kuona swala ila kwenye picha.

Mtoto wa Kihadzabe hupewa uta akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Uta huo si kitu cha kuchezea kilichonunuliwa, bali ni uta wa kweli uliopunguzwa kimo, na mishale yake ni ya mti mtupu, isiyo na chuma. Tangu siku hiyo mtoto hatengani nao. Hushinda akiwa na watoto wa hirimu yake na wale waliomzidi kidogo, wakilenga matunda, magogo na mijusi, kisha ndege, kisha panya na pimbi, na kile wanachokipata hukichoma wenyewe wakakila wenyewe, mbali kidogo na kambi. Mtu aliyezoea shule zetu atashangaa kuona kwamba katika miaka hii ya mwanzo hakuna mkubwa anayekaa akatoa somo. Baba hamshiki mwanawe mkono kila asubuhi akamwambia fanya hivi usifanye vile; mwalimu wa mtoto wa miaka mitano ni mtoto wa miaka minane, na mwalimu wa huyo ni kijana wa miaka kumi na miwili, na wakubwa wapo pembeni, wanatazama, wanatengeneza mishale yao mbele ya macho ya watoto, na mara moja moja hutupa neno. Lakini kazi ya mkubwa haikosekani. Ni yeye anayetengeneza uta wa kwanza, na ni yeye anayejua ni lini mtoto ameuzidi nguvu, na ndiye atakayempa mrefu zaidi. Na katika kujua huko kuna ualimu mkubwa, kwani uta mgumu kuliko mabega ya kijana humharibia shabaha, na uta mwepesi kuliko nguvu zake humfundisha uvivu.

Uta wa mtu mzima hushinda kimo cha mwenyewe, na kuuvuta hadi mwisho kwataka nguvu ipatayo ratili 70. Upote wake ni wa kano za mnyama, zilizokaushwa, zikatafunwa zikalainika, kisha zikasokotwa. Mishale ni ya namna nyingi, na kijana hana budi kuzijua zote: upo wa mti mtupu kwa ndege na wanyama wadogo, upo wenye kigumba cha chuma kisicho na sumu, na upo ule wenye kigumba chenye miiba kilichozungushiwa sumu kwa ajili ya mnyama mkubwa, kama vile pofu, nyati au twiga. Vigumba hivyo aghalabu hufuliwa kwa misumari, ikipondwa juu ya jiwe bila ya moto wa mhunzi. Mti wa mshale unyooshwe kwa joto na kwa meno, manyoya yafungwe kwa namna ambayo mshale utazunguka hewani usiyumbe. Na kila mtu ana alama zake juu ya mishale yake, hata mnyama akianguka hakuna shaka wala ugomvi juu ya nani aliyempiga. Kijana anayejifunza kutengeneza mshale basi anajifunza pia kuweka jina lake juu ya kila kitendo atakachokifanya kwa mshale huo. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, na sijaona katika mafundisho yetu ya mjini jambo linalokaribiana nalo.

Kisha huja sumu. Wahadzabe huchemsha utomvu wa mti mnene wa shina wenye maua mekundu ya waridi, au mbegu za mmea mwingine wa porini, mpaka ikawa nyeusi na nzito, wakaizungusha chini ya kigumba na kuifunga kwa kipande cha ngozi laini ili isimguse mtu wala isikauke. Mtoto mdogo hapewi mshale huo. Na siku kijana atakapoupata, somo la kwanza atakalofundishwa halihusu kulenga, kwani kulenga alikwisha kukujua zamani, atafundishwa kungoja. Mnyama akishapigwa kwa mshale wa sumu hafukuzwi. Msasi hutazama alikoelekea, huangalia damu na nyayo, kisha hurudi kambini akakaa, hata ikiwa njaa ipo, hata ikiwa usiku unaingia na fisi wanalia, kwani mnyama akifukuzwa atakimbia mbali kabla ya sumu kufanya kazi yake, atapotea, na atakufa bure. Baada ya saa nyingi, na mara nyingi ni asubuhi ya pili, ndipo anaporudi na wenzake kufuata nyayo. Nahodha mwema humfundisha baharia wake kushusha tanga kabla ya kumfundisha kulipandisha. Na mzee wa Kihadzabe, kabla ya kumkabidhi kijana silaha iuayo, humfundisha kwanza kuketi.

Kadhalika katika kuotea usiku. Wakati wa kiangazi, maji yanapobaki mahali pachache, wanaume huenda wawili wawili wakajificha karibu na kisima au bwawa, wakakesha. Mwenziwe mzee mara nyingi huwa ni kijana, na hapo ndipo ilimu inapopitishwa kwa ukamilifu wake, katika kimya, kwa kuguswa bega na kunyoshewa kidole. Katika saa hizo kijana hujifunza upepo, hujifunza sauti ya kila mnyama anyweapo, hujifunza kumwacha mnyama apite pale ambapo mshale hautakwenda sawasawa. Wahadzabe, kwa mfano, hawawindi tembo, kwani wanajua sumu yao haimtoshi, na kumjeruhi mnyama ambaye huwezi kumwangusha si usasi, ni ukatili pamoja na hatari. Kipimo hiki hakikuandikwa kwenye kanuni yoyote ya serikali, na bado kimeshikwa kizazi baada ya kizazi.

Na mnyama mkubwa akianguka, hapo ndipo fundisho lililo gumu kuliko yote linapoanza, nalo ni la kugawa. Nyama ya mnyama mkubwa si mali ya aliyemuua. Kambi nzima huenda kuibeba na kila mtu hupata fungu lake, na msasi hana ruhusa ya kujitapa wala ya kuficha. Zipo sehemu fulani, kama vile moyo, mapafu na figo, ambazo huitwa nyama ya epeme, nazo huliwa kwa siri na wanaume waliokubaliwa tu. Na kijana hukubaliwa katika mkutano huo akishaua mnyama mkubwa, au umri wake ukishafika miaka 30 hivi. Mtu anaweza kuona kwamba desturi hiyo ina dhuluma kwa wanawake na vijana wanaonyimwa sehemu hizo, nami siwezi kumlaumu mwenye rai hiyo. Walakini tazameni inavyofanya kazi katika malezi: kijana hodari wa miaka kumi na minane, anayeweza kumpiga kanga akiruka, anajua ya kwamba uhodari wake haujamfanya kuwa mtu mzima, na kwamba wako watu waliomtangulia ambao kukubaliwa nao hakununuliwi kwa shabaha peke yake. Staha hiyo, katika mikono yenye silaha, ni kinga ya jamii.

Mwaka 2002 wanachuoni wawili, Nicholas Blurton Jones na huyo Frank Marlowe niliyemtaja, walitoa utafiti wao waliojiuliza ndani yake kama kweli kujifunza kuwinda na kuokota kwahitaji miaka 20. Waliwashindanisha Wahadzabe katika kuchimba mizizi, kupanda mibuyu na kupiga shabaha, wakawalinganisha waliokulia porini na wale waliopelekwa shule za bweni wakiwa wadogo. Na waliosoma shule hawakuonekana kuachwa nyuma kwa kiasi kilichotarajiwa. Wapo wanaouchukua utafiti huu kuwa ni ushahidi kwamba malezi marefu ya usasi hayana maana kubwa, kwani kijana anaweza kuyakosa akafika palepale. Mimi nauona kwa jicho jingine. Kupiga shabaha iliyosimama mahali pamoja mchana kweupe ni sehemu ndogo ya usasi, na kijana mwenye nguvu na macho mazima ataipata upesi. Lakini kumtafuta mnyama, kumkaribia, kumwacha, kumngoja, kumfuata, na kisha kumgawa, mambo hayo hayapimwi kwa shabaha ya mashindano, nayo ndiyo yanayochukua umri. Kwa hiyo utafiti ule, kwa maoni yangu, unatuonya juu ya hatari fulani: kijana anaweza kutoka katika mikono ya wazee wake akiwa na uwezo wote wa kuua, na pasiwe na lolote la adabu ya kuua alilolipata.

Hatari hiyo haikubaki katika dhana tu. Ilikwisha kutokea, karibu kabisa na sisi watu wa Malindi, Kilifi na Mombasa, kwa Wawaata, ambao vitabu vya Kiingereza viliwaita Waliangulu, na ambao ni ndugu wa hao Wasanye wa kisa cha Liyongo. Katika nyika iliyo nyuma ya pwani yetu, kuanzia mto Galana mpaka Tana, watu hawa waliwinda tembo kwa uta, na uta wao ulikuwa miongoni mwa mata makali kabisa yaliyopata kujulikana ulimwenguni, kwani kuuvuta kulihitaji nguvu iliyozidi ratili 100. Kijana wa Kiwaata alipanda kwa ngazi kutoka uta mdogo hadi uta mkubwa, na mwisho wa ngazi hiyo ilikuwa ni kumkaribia tembo kwa hatua chache, upepo ukiwa usoni mwake, na kumpiga kwa mshale mmoja wenye sumu, ambayo kwa kawaida waliinunua kwa majirani zao Wagiriama. Mtu asiyekuwa na mwalimu hakuirudia kazi hiyo mara ya pili.

Mwaka 1948 ilianzishwa Mbuga ya Taifa ya Tsavo, na sehemu kubwa ya nchi ya Wawaata ikawa ndani yake au kando yake, na humo kile alichokuwa mzee akimfundisha mwanawe kilikuwa jinai. Katika miaka ya 1956 na 1957 serikali ya kikoloni ilifanya msako mkubwa. David Sheldrick na Bill Woodley walikuwa miongoni mwa waliouongoza, na wasasi walio hodari kabisa walikamatwa mmoja baada ya mmoja, wakahukumiwa, wakafungwa. Sitaki kuficha upande wa pili wa habari hiyo. Pembe zilizotoka katika mishale ya Wawaata hazikuliwa na Wawaata. Zilishuka pwani, zikanunuliwa na wafanyabiashara wetu, Waswahili na Waarabu na Wahindi, zikavuka bahari, na faida iliyobaki mikononi mwa msasi ilikuwa haba. Tembo walikuwa wakiuawa kwa wingi kuliko haja ya mtu yeyote ya kula, na kuwalinda ilikuwa ni wajibu. Lakini katika kesi zile waliosimama kizimbani ni wenye mata, na soko lililowatuma lilibaki barazani kwake likinywa kahawa.

Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, ambao azma yake ilikuwa kuwarudishia Wawaata usasi kwa njia ya halali, wawinde kwa hesabu na kwa kibali, na nyama na pembe ziuzwe kihalali. Hata mpango huo haukudumu kwa namna ulivyokusudiwa, na mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa wanyama, na sheria ya mwaka 2013 ikaharimisha waziwazi hata kuwinda kwa ajili ya chakula. Kwa hivyo kijana wa Kiwaata aliyezaliwa baada ya marufuku hiyo ya 1977 hakupata kuuona uta wa babu yake ukivutwa. Silsila ya ualimu ilikatika katika vizazi viwili tu.

Je, uwindaji ulikoma? Haukukoma, na hapa ndipo ninapokuombeni mnisikilize kuliko popote. Mahali pa uta pamekaliwa na waya. Kitanzi cha waya, uliotolewa kwenye ua wa mtu au kwenye tairi bovu la gari, hufungwa kwenye mti katika njia ya wanyama, na aliyekifunga huenda zake. Kitanzi hicho hakichagui dume na jike mwenye mimba, hakimwachi ndama, hakijui msimu, hakina alama ya mwenyewe, na mnyama aliyenaswa hufa kwa siku nyingi. Na mara nyingi mtegaji harudi, na nyama ikaoza. Huko Tsavo na Serengeti viko vikosi ambavyo kazi yao ya kila siku ni kupita porini kung'oa nyaya hizo, na kazi haiishi. Kutega waya kwataka asubuhi moja ya kujifunza, wala hakutaki mzee yeyote. Uta humchukua mtu ujana wake wote, na katika muda huo wote yuko mtu juu yake anayemwambia ngoja. Tuliponyang'anya uta bila ya kuuliza ni mambo gani mengine yaliyofungamana nao, tulimwondoa mwalimu, na njaa tukaiacha palepale, na soko tukaliacha palepale.

Naijua hoja itakayoletwa dhidi yangu, nayo ni nzito. Itasemwa kwamba watu wameongezeka na wanyama wamepungua, na kwamba kumfundisha kijana wa leo kuwinda ni kumfundisha kumaliza kilichobaki. Ningeikubali hoja hiyo kama ingelikuwa waliomaliza wanyama ni wale waliolelewa na uta. Huko Eyasi mambo yanaonyesha kinyume chake. Katika miongo michache iliyopita sehemu kubwa ya nchi ya Wahadzabe imeingiliwa na mifugo na mashamba, miti ikakatwa, visima vikachafuka, na wanyama wakahama kwa kukosa malisho na mapito. Mshale wa Mhadzabe haukufanya hayo. Na mwaka 2011, walipopewa hati za kimila za ardhi yao ya pamoja katika Bonde la Yaeda, zaidi ya hekta 20,000, jamii za huko ziliingia katika mpango wa kuuza hewa ukaa kwa kuulinda msitu usikatwe, na vijana wao wakaajiriwa kuwa walinzi wa msitu huo. Ni nani aliye bora kwa kazi hiyo kuliko kijana anayeweza kusoma nyayo za jana na kujua ni za nani? Mwaka 2019 jamii hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa kwa kazi hiyo, na iliistahili.

Suala la shule ni gumu zaidi, wala sina nia ya kulirahisisha. Mtoto wa Kihadzabe asiyejua kusoma ataporwa ardhi yake na mtu mwenye karatasi, kwa hiyo shule anaihitaji pengine kuliko mtoto wa mjini. Lakini shule ya bweni, iliyo mbali, inayomchukua akiwa na miaka saba na kumrudisha kwao wakati wa likizo tu, humtoa katika hirimu yake katika miaka ile ile ambayo watoto hufundishana, na humrudisha kambini akiwa mgeni kwa wenziwe na mzigo kwa wazee. Hakuna sababu ya lazima kwa nini mwaka wa shule usipangwe kwa kufuata misimu ya huko, wala kwa nini mzee mjuzi wa mishale asiingie darasani kwa siku kadhaa akalipwa ujira kama alipwavyo mwalimu wa hesabu. Jimbo la Kentucky huko Marekani liliingiza ufundi wa uta katika shule zake mwaka 2002, kwa watoto ambao wengi wao hawatawinda maishani, na mpango huo umeenea katika majimbo mengine mengi. Na nchi ya Bhutan, mwaka 1971, iliufanya uta kuwa mchezo wa taifa. Watu hao wameona faida ya kumfundisha kijana kusimama wima, kuvuta pumzi, kutulia na kuachia; na sisi, tulio na wenyewe wa ilimu hiyo, tumewaacha wazee wetu wakifa nayo.

Kwa Wawaata, ambao sheria hairuhusu wawinde, wala siombi sheria hiyo ivunjwe, mlango haujafungwa wote. Uta unaweza kuvutwa kwenye shabaha ya majani na ya mti bila ya mnyama yeyote kuguswa. Wazee wanaweza kuajiriwa kuwafunza askari wa Tsavo kusoma nyayo. Na vijana wanaweza kushindana, kijiji kwa kijiji, chini ya macho ya wale waliobaki wanaojua namna uta wa ratili 100 ulivyochongwa na mti wake ulivyochaguliwa. Waliopata kuyaona mambo hayo kwa macho yao wakiwa watu wazima leo ni wakongwe sana.

Basi nawaomba wenye mamlaka katika kaunti za Kilifi na Tana, na katika wilaya za Karatu na Mbulu, wawatafute wazee hao mwaka huu, wala wasingoje mwaka ujao, wawape mahali, vijana na ujira. Na wewe msikilizaji, ikiwa nyumbani kwako yuko babu aliyewahi kuwa msasi, kwa uta au kwa mkuki au kwa mbwa na nyavu kama walivyokuwa wasasi wa Unguja, keti naye kesho pamoja na wanao, mwulize alifundishwa na nani, na mwulize ni wanyama gani alikatazwa kuwaua, na kwa nini.